Askari Anaporudi Nyumbani: Haki za Ndoa Baada ya Safari ya Jeshi

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), pamoja na ahali zake na Masahaba zake wote. Ama baad.

Ndugu msomaji, vitabu vyetu vya tarikh vina habari nyingi za majeshi yanapotoka. Tunasoma idadi ya wapanda farasi, majina ya maamiri, siku ya mapambano na mgao wa ngawira. Habari za wanaume wale wale wanapopiga hodi kwenye nyumba zao ni chache, nazo zimetawanyika: baadhi zimo katika vitabu vya nikahi, nyingine katika adabu za safari, nyingine katika hukumu za nafaqa, yaani matumizi ya mke. Tumeona ipo faida kuzikusanya, kwa sababu suala hili limo misikitini mwetu leo.

Askari wa nchi zetu wamekwenda mbali. Uganda na Burundi zilipeleka majeshi Somalia kuanzia mwaka 2007. Kenya iliingia huko Oktoba 2011. Tanzania ilipeleka kikosi Kongo ya mashariki mwaka 2013, na kabla ya hapo askari wake walikuwapo Darfur na Lebanon. Miongoni mwao wamo Waislamu, waume wa dada zetu na baba za watoto wanaosoma katika madrasa zetu. Askari akirudi hupokewa kwa furaha. Wiki chache zikipita, mke huja kwa imamu kulalamika. Mume halali usiku, na mchana hasemi. Akisema, anafoka. Anadai hesabu ya kila shilingi iliyotumika. Mke naye amekwisha zoea kuamua mambo ya nyumba peke yake, na mtoto mdogo anamkimbia baba kama anavyomkimbia mgeni.

Mara nyingi jibu analolipata mama huyo ni neno moja, subira. Subira ni sehemu kubwa ya dini, wala hatuipunguzi hadhi yake. Lakini tukirejea historia ya wema waliotangulia tunakuta kwamba mzigo wa kurudi haukuwekwa mabegani mwa mke peke yake. Uligawanywa kwa watu watatu: kiongozi aliyempeleka askari, askari mwenyewe, na jamii iliyobaki mjini. Hilo ndilo tunalotaka kulibainisha hapa.

Swali la Umar (r.a.) kwa binti yake

Zama za Mtume (s.a.w.) safari nyingi za vita zilikuwa fupi. Hata ile ya Tabuk ya mwaka 9 Hijria, iliyohesabiwa kuwa ngumu na ya mbali, ilianza Rajab na watu wakarudi Ramadhani. Hali ilibadilika Umar bin al-Khattab (r.a.) aliposhika ukhalifa, mwaka 13 Hijria (634) hadi 23 Hijria (644). Majeshi yalifika Sham, Iraq, Misri na ndani ya Uajemi. Basra na Kufa zilianzishwa kuwa miji ya kambi. Wanaume wakakaa mpakani miezi na miezi, na wengi waliwaacha wake zao Madina na kwingineko.

Imepokewa kwa njia kadhaa kwamba Umar (r.a.), katika mizunguko yake ya usiku, alimsikia mwanamke ndani ya nyumba yake akisema mashairi ya kumlilia mumewe aliye mbali. Maana ya maneno yake ilikuwa kwamba lau si kumcha Mwenyezi Mungu, upweke ule ungemtia katika haramu. Umar (r.a.) akauliza habari zake, akaambiwa mumewe yuko jeshini. Hakwenda kumkemea mwanamke, wala hakutuma mtu wa kumwaidhi. Alikwenda kwa binti yake Hafsa (r.a.), mke wa Mtume (s.a.w.), akamuuliza mwanamke anaweza kuvumilia muda gani bila ya mumewe. Hafsa (r.a.) aliona haya, kisha akamjibu. Hapo Umar (r.a.) akaweka muda wa askari kukaa vitani.

Mapokezi yanatofautiana katika muda wenyewe. Yapo yanayotaja miezi minne, yapo ya mitano, yapo ya sita. Riwaya aliyoitaja Ibn Qudama (aliyefariki 620 H) katika al-Mughni inapanga hesabu hivi: mwezi mmoja wa kwenda, minne ya kukaa, na mmoja wa kurudi. Riwaya hiyo inatoka kwa Zayd bin Aslam, ambaye alifariki mwaka 136 Hijria na hakukutana na Umar (r.a.), kwa hiyo sanad yake imekatika. Mwanafunzi wa hadithi ni lazima alijue hilo. Hata hivyo habari hii imekuja kwa njia zaidi ya moja na mafakihi wameifanyia kazi. Imam Ahmad alipoulizwa mtu anaweza kukaa mbali na ahali yake muda gani, alitaja miezi sita. Wengine wameilinganisha na aya ya 226 ya Suratul Baqara, inayompa muda wa miezi minne mtu aliyeapa kutomkaribia mkewe.

Ni uaminifu wa elimu kusema pia kwamba madhehebu yetu ya Kishafii hayakuifanya miezi hiyo kuwa wajibu wa kisheria juu ya mume kama walivyofanya Mahanbali. Tunachokichukua hapa ni funzo la tarikh: mtawala aliona upweke wa mwanamke mmoja kuwa ni jambo la serikali, akamuuliza mwanamke mwenzake mwenye elimu, kisha akabadilisha utaratibu wa jeshi zima.

Ansari waliorudi bila ya ruhusa

Amri ni jambo moja na utekelezaji ni jambo jingine. Abu Dawud amepokea katika Sunan yake, kutoka kwa Abdullah bin Kaab bin Malik, kwamba jeshi moja la Ansari lilikuwa Uajemi pamoja na amiri wao. Desturi ya Umar (r.a.) ilikuwa kubadilisha majeshi kila mwaka, wanakwenda hawa na wanarudi wale. Mwaka ule shughuli zilimzidi, akawasahau. Muda wao ulipokwisha, watu wa mpaka ule waliondoka wakarudi kwao. Umar (r.a.) aliwakasirikia na kuwatisha, hali ya kuwa ni Masahaba wa Mtume (s.a.w.). Wakamjibu kwamba yeye ndiye aliyewasahau, na ndiye aliyeacha agizo la Mtume (s.a.w.) la kuwapeleka wapiganaji kwa zamu.

Tunaona hapa mambo mawili. Kwanza, mapokezi haya yanataja mwaka, si miezi sita. Huenda muda ulitofautiana kwa umbali wa mpaka na kwa nyakati, na msomaji asidhani kwamba amri moja ilitekelezwa sawasawa kila mahali. Pili, kurudi kwa zamu kulijulikana kuwa haki ya askari, na askari wale waliweza kuidai mbele ya Amirul Muuminina mwenyewe. Hatusemi askari wa leo aiache kambi yake, kwani ahadi na sheria za kazi ni za kutimizwa. Tunasema anayepanga zamu anabeba amana ya nyumba za watu.

Tuangalie mfano wa karibu. Vita vya Kagera vilianza Oktoba 1978 baada ya majeshi ya Idi Amin kuivamia Tanzania. Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili 1979, lakini askari wa Tanzania waliendelea kuwapo Uganda hadi mwaka 1981. Askari aliyeondoka mwanzo wa vita na kurudi mwisho wa kipindi hicho alikuwa amevuka mara nne na zaidi ile miezi sita aliyoitaja Imam Ahmad. Mtoto aliyezaliwa baada ya baba kuondoka alikuwa tayari anatembea na kuzungumza.

Barua kwa maamiri wa majeshi

Upo ushahidi mwingine wenye sanad bora. Imam Shafii, kisha al-Bayhaqi, wamepokea kutoka kwa Ibn Umar (r.a.) kwamba baba yake aliwaandikia maamiri wa majeshi kuhusu wanaume waliokaa mbali na wake zao. Aliwaamuru wawashike wanaume hao watoe matumizi au watoe talaka, na atakayetoa talaka alete matumizi ya muda wote aliowazuilia. Ibn Hajar ameitaja habari hii katika Bulugh al-Maram na kuihukumu sanad yake kuwa hasan. Wanafunzi wetu wengi wamekisoma kitabu hicho, lakini hupita hapo haraka.

Barua hiyo ilikwenda kwa amiri, mkuu wa kambi, aliyekuwa na mamlaka juu ya mtu na juu ya mshahara wake. Kwa lugha ya leo tungesema mwajiri alitakiwa ahakikishe mke anafikiwa na haki yake. Na deni la matumizi halikufutwa na vita. Kwa hiyo askari anayerudi akaanza kwa kudai hesabu ya nyumba, ajiulize kwanza yeye alipeleka nini na kwa muda gani. Ikiwa mama wa watoto aliuza mkufu wake ili kulipa ada ya shule, mume ndiye mdaiwa hapo.

Adabu za kufika

Sasa tuje kwa askari mwenyewe. Jabir bin Abdullah (r.a.) alikuwa kijana aliyeoa karibuni, naye alikuwa anarudi kutoka vitani pamoja na Mtume (s.a.w.). Baba yake alikufa shahidi Uhud mwaka 3 Hijria (625) akamwachia dada zake wadogo, ndiyo sababu Jabir alimchagua mwanamke aliyewahi kuolewa, apate wa kuwalea na kuwachana nywele. Njiani alikuwa akiharakisha. Mtume (s.a.w.) akamuuliza sababu ya haraka, akajibu kwamba yeye ni bwana harusi mpya. Walipoikaribia Madina na watu wakataka kuingia, Mtume (s.a.w.) aliwazuia kidogo, ili mwanamke mwenye nywele timtim azichane na aliyekuwa peke yake ajitengeneze. Habari hii imo katika Bukhari na Muslim.

Katika mapokezi mengine ya hao hao imekuja kwamba Mtume (s.a.w.) alikataza mtu aliyekuwa mbali kwa muda mrefu asiwaingilie ahali zake usiku kwa ghafla. Muslim amepokea sababu ya ziada, nayo ni kwamba asifanye hivyo kwa nia ya kuwashuku au kuwatafutia makosa, ingawa mmoja wa wapokezi alitia shaka kama maneno hayo ni sehemu ya hadithi yenyewe. Imam Nawawi (aliyefariki 676 H) amefafanua kwamba karaha hiyo ni kwa anayekuja bila ya taarifa. Jeshi kubwa ambalo habari za kuwasili kwake zimeenea mjini halina ubaya kuingia usiku, kwa kuwa makusudio, yaani mke kujiandaa, yamekwisha patikana.

Askari wa leo ana simu mfukoni. Anayeacha kuitumia ili aje kumfuma mkewe amekwenda kinyume na adabu hii hata kama amefika saa nne asubuhi. Na shaka aliyokuja nayo kutoka kambini huwa ndiyo ugomvi wa kwanza nyumbani.

Kaab bin Malik (r.a.) amesimulia kwamba Mtume (s.a.w.) alikuwa akirudi safari wakati wa dhuha, akaanzia msikitini, akaswali rakaa mbili, kisha akakaa na watu. Jabir naye aliamrishwa aswali rakaa mbili msikitini alipofika. Mafakihi wamelihesabu hilo kuwa ni sunna ya msafiri. Sisi tunaona ndani yake rehema nyingine: mtu aliyetoka kwenye damu na vumbi anapata kituo cha ibada katikati, kabla ya kuvuka kizingiti cha nyumba yake. Moyo unapata nafasi ya kutulia.

Jabir pia aliambiwa kwamba akifika nyumbani ashikamane na al-kays. Bukhari ameifasiri kuwa ni kutafuta mtoto. Wengine wameielekeza kwenye maana ya asili ya neno hilo katika lugha, yaani akili na uangalifu. Maana zote mbili zinamfaa anayerudi. Anahitaji mapenzi, na anahitaji busara ya kujua kwamba mkewe naye alikuwa katika jihadi yake ndani ya nyumba.

Watoto njiani

Abdullah bin Jaafar (r.a.), ambaye baba yake alikufa shahidi Muuta mwaka 8 Hijria (629), amesimulia kwamba Mtume (s.a.w.) alipokuwa akirudi safari alipokewa na watoto wa nyumba yake. Siku moja alimpandisha yeye mbele yake, akaletewa mmoja wa watoto wa Fatima (r.a.) akampandisha nyuma, wakaingia Madina watatu juu ya mnyama mmoja. Na as-Saib bin Yazid (r.a.) alikumbuka hadi ukubwani jinsi alivyotoka na watoto wenzake hadi Thaniyyatul Wadaa kumpokea Mtume (s.a.w.) alipotoka Tabuk.

Watoto wale walitolewa kwenda kumpokea mgeni wao njiani, wala hawakuachwa wakutane naye kwa ghafla gizani. Na yeye hakuanza kwa kuwauliza wamehifadhi nini. Aliwapandisha. Baba akimkuta mwanawe anamwogopa asimlazimishe, wala asimtupie mama lawama. Ampe muda, ampeleke madrasa kwa mguu, ale naye sahani moja.

Kisa cha Farrukh

Wahubiri wetu hupenda kisa cha Farrukh, baba wa Rabia ar-Rai. Al-Khatib al-Baghdadi (aliyefariki 463 H) amekipokea katika Tarikh Baghdad. Farrukh alikwenda Khurasan na jeshi, akamwacha mkewe mjamzito na dinari elfu thelathini. Alirudi baada ya miaka 27 akiwa juu ya farasi na mkuki mkononi, akausukuma mlango wa nyumba yake, akatoka kijana akamzuia. Wakashikana, majirani wakajaa, na Malik bin Anas akaja. Kumbe kijana yule ni mwanawe, mwanachuoni wa Madina, na zile dinari mama alizitumia katika kumsomesha.

Imam adh-Dhahabi (aliyefariki 748 H) amekikataa kisa hiki. Miongoni mwa hoja zake ni kwamba Rabia alipokuwa na umri huo, Malik alikuwa mtoto mdogo au hajazaliwa, kwani Malik alizaliwa mwaka 93 Hijria. Basi kisa kisisimuliwe mimbarini kama tukio lililothibiti. Na ubaya wa kukitegemea ni kwamba kinamalizikia kwa heri, msikilizaji akadhani kila kutokuwepo kwa miaka mingi kutalipwa kwa mtoto mwanachuoni. Historia iliyothibiti inaonyesha kwamba Masahaba waliogopa safari ndefu, wakaiwekea mipaka.

Mipaka hiyo ina sababu, kwani wapo wasiorudi wala kujulikana walipo. Wazee wetu wa King's African Rifles walipelekwa mpaka Burma, wakapigana huko mwaka 1944, na barua zilichukua muda mrefu kufika. Katika Muwatta, Umar (r.a.) amepokewa kuwa mke wa aliyepotea angoje miaka minne, kisha akae eda ya miezi minne na siku kumi, ndipo aolewe. Malik amesema mume akitokea kabla mke hajaolewa na mwingine, yeye ana haki zaidi. Akitokea baada ya hapo hana njia. Imam Shafii katika kauli yake mpya ameona mke angoje hadi ipatikane yakini, na mlango wa faskhi kwa kukosa matumizi ukabaki kwa masharti yake. Mambo haya ni ya kadhi. Imamu asiyafungie ndoa wala kuyavunjia ndoa barazani.

Wajibu wa waliobaki

Mtume (s.a.w.) amefundisha kwamba anayewaangalia vyema ahali wa mpiganaji naye amehesabiwa kuwa amepigana, kama alivyopokea Zayd bin Khalid (r.a.) katika Bukhari na Muslim. Na katika Muslim, kwa mapokezi ya Burayda (r.a.), heshima ya wake wa wapiganaji kwa waliobaki imefananishwa na heshima ya mama zao. Wajibu huo haumaliziki siku ndege inapotua.

Tunawanasihi ndugu zetu maimamu mambo haya. Mke anapokuja, asikilizwe kabla ya kuwaidhiwa. Mume aitwe na rafiki yake au mzee anayemheshimu, si kwa kutangazwa mbele ya jamaa. Asiyelala usiku, anayeshtuka kwa mlio mdogo, anayerudia vita ndotoni, huenda ana maradhi ya nafsi ambayo madaktari wanayafahamu na kuyatibu. Kumpeleka hospitali si upungufu wa imani, na ruqya na dawa havipingani. Talaka iliyotamkwa katika hali ya namna hiyo isikatiwe hukumu na wasikilizaji, ipelekwe kwa kadhi aiangalie hali ya akili ya mtamkaji. Na mkono ukiinuliwa dhidi ya mke au watoto, jambo la kwanza ni usalama wao, maana sheria yetu haikubali madhara wala haimwambii aliyedhuriwa avumilie kipigo.

Kwa askari tunasema: ulikuwa mbali kwa kazi, na nyumba haikusimama kukungojea. Mkeo alijifunza kuamua kwa sababu hukuwapo wa kuamua. Usimnyang'anye kwa siku moja alichokibeba kwa mwaka mzima, kaeni mgawane upya. Kwa mke tunasema: mpe mumeo nafasi ya kuwa mgeni kwa muda, na usimfiche hali ya nyumba. Na kwa wenye kupanga zamu za majeshi, wamkumbuke khalifa aliyemuuliza binti yake swali la aibu kwa ajili ya mwanamke asiyemjua, kisha akayafuata majibu.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu (s.w.t.) awarudishe salama walio mbali, na azitie mawadda na rehema nyumba zao. Wabillahi tawfiq.